Maneno Yasizidi ya Khanga

Masharti aliyaweka mdogo wangu, naye wakati huo alikuwa Muscat, Oman, katika nyumba ambayo simu alikuwa akiishika kuanzia saa tatu za usiku, watu wakishakula na vyombo vikishaoshwa. Kila siku kila mmoja wetu atume picha moja kwenye kundi la familia. Iwe imepigwa siku hiyohiyo, iwe ya kwako mwenyewe, si ya kuokota mtandaoni. Na chini yake uandike neno. Nikaongeza sharti moja la kwangu: maneno yasizidi yale yanayokaa kwenye khanga. Mimi ni fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga. Khanga nazipinda kila siku ya Mungu, na najua kwamba jina likiwa refu mno, mpaka msomaji amalize, mvaaji keshakata kona.

Yeye aliiita chalenji. Kaka yetu, ambaye ana michungwa yake Muheza, alijibu kwa ujumbe wa sauti kwamba hana muda wa michezo ya kitoto, halafu kabla ya magharibi akatuma tenga la machungwa na maneno "Bei yake utalia." Mpwa wetu anayesoma sheria chuoni Mzumbe akatuma sahani ya wali na maharage: "Jana pia." Aliyebaki nje ni Mama, ambaye simu yake ni kitochi. Tukakubaliana kwamba Mama ndiye atoe mada. Kila alfajiri baada ya swala, akiwa bado kwenye mkeka, ananitajia neno la siku, nami nalipeleka kwenye kundi.

Ningeachiwa mimi kutoa mada, naogopa tungekuwa na "uzuri" leo na "furaha" kesho. Mama hakuwahi kutoa kitu cha namna hiyo. Alitoa "kilichofungwa kamba", "mtu mwenye haraka", "kuku wa watu", "kilichobaki jana", na mwisho wa mwezi mmoja, akiwa na hasira zake, "mwenye nyumba". Mada ya Mama haikuachii nafasi ya kujidai. Ukiambiwa kuku wa watu, utatoka nje umtafute kuku wa watu.

Siku za mwanzo nilituma bahari. Jua likitoka kule Raskazone, mawingu yamewaka, ngalawa moja kwa mbali. Mdogo wangu akajibu: "Dada, bahari ninayo hapa. Nipe kibaraza."

Nikampa kibaraza. Akataka kujua kama lile shimo karibu na msikiti limefukiwa. Akataka mbuzi ya kukunia nazi, ile ya nyumbani yenye jino moja lililopinda, siyo mbuzi yoyote. Akataka ukuta wa jirani tuliokuwa tukichora kwa mkaa. Mtu aliye mbali haumwi na mandhari. Mandhari anazo huko aliko, tena pengine nzuri kuliko zetu. Picha iliyomliza haikuwa na mtu ndani yake. Zilikuwa ndala za Mama mlangoni, mkanda mmoja umeshonewa kwa uzi wangu wa cherehani. Niliandika, "Mpya anazo, kabatini." Ujumbe wake wa sauti ulianza kwa kimya, nikadhani simu imegoma, halafu nikasikia: "Kumbe zile nilizotuma Idd hajazivaa."

Hata hivyo vitu vilivyobadilika navyo alivitaka, na hivyo ni vigumu zaidi kuvipiga, maana ukikaa mahali hapohapo huoni kinachosogea. Ng'ambo ya ghuba yetu, Chongoleani, ndiko linakoishia bomba la mafuta ghafi litokalo Hoima, Uganda, kilomita 1,443. Watu wa kwetu wana maneno mengi juu ya bomba hilo, wengine wamepata kazi na wengine wamepata ahadi. Mimi nililiona kupitia suruali. Wageni wa kazi walianza kuniletea ovaroli za kupunguza urefu, za rangi ya chungwa, zenye mistari inayong'aa. Nilizipanga mezani jioni moja umeme umekatika, nikapiga kwa taa ya simu, ile mistari ikawaka peke yake na kitambaa chote kikazama gizani. "Bomba refu, miguu mifupi." Kaka aliipenda sana hiyo, akaituma mpaka kwa watu wasiotuhusu.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, maana kupiga vitu ni rahisi. Watu ndio kazi.

Tanga ni mji wa baiskeli. Ukikaa kibarazani asubuhi utaona mikate inapita, samaki wanapita, mlango mzima umelazwa kwenye keria ya nyuma, baba na watoto wake wawili wenye sare za shule, wote kwenye magurudumu mawili. Mkono unakuwasha. Lakini tangu mwanzo nilijiwekea kwamba uso wa mtu hautoki kwenye simu yangu mpaka mwenyewe aseme ndiyo. Mtu asidhani ni wema. Mimi nimekaa palepale kuanzia saa mbili asubuhi mpaka adhana ya magharibi. Nikimkera mtu leo, kesho atapita tena, na kitambaa chake cha Idd atapeleka kwa fundi mwingine. Mpwa wetu alituandikia kwamba nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu mwaka 2022. Nikamwambia ahsante mwanangu, sheria ya kibarazani ni kongwe zaidi.

Na huko kuomba ndiko kulikonifungulia mlango. Jirani yangu muuza vitumbua nilimwomba wa kwanza kabisa.

"Unanitaka mimi au vitumbua?"

"Wewe pamoja na vitumbua."

"Vitumbua chukua hata sasa. Mimi subiri kesho nipake wanja."

Kesho yake akaja na wanja, na mtandio wa kijani ambao sikuwahi kumwona nao. Alipokuwa akigeuza vitumbua kwenye chuma akanisimulia kwamba picha yake ya mwisho ni ya kitambulisho, na kwenye ile amenuna kwa sababu aliambiwa asicheke. "Mtoto wangu akiiona anauliza, mama ulikuwa unaumwa?" Tumekaa kizingiti kwa kizingiti miaka, nimekula vitumbua vyake karibu kila asubuhi, na habari hiyo sikuwa naijua. Nikaandika, "Hii si ya kitambulisho."

Fundi baiskeli wa chini ya mwarobaini alikubali upesi, hakuacha hata kuziba pancha. Aliyeruka ni mteja wake. Akajibanza nyuma ya mti, mkono mbele ya uso: "Fundi, mimi usinipige! Nadaiwa." Kumbe kuna mtu wa Chumbageni anamdai, naye amemwambia amesafiri, yuko Lushoto. Basi nikapiga baiskeli yake peke yake, imepinduliwa magurudumu juu, na chini yake nikaandika, "Mwenyewe yuko Lushoto." Wiki nzima mtu yeyote akikawia kujibu kwenye kundi, tulikuwa tunasema yuko Lushoto.

Halafu kuna mzee anayepita kila siku baada ya laasiri na bakora yake, huketi kwenye benchi langu kupunga upepo. Anavyokaa ni picha tosha: mguu mmoja ameukunja, kofia ameivuta nyuma, anaangalia barabara kana kwamba ni mali yake. Nilipomwomba akasema sawa, Ijumaa. Ijumaa akaja baada ya swala, kanzu imenyooshwa, koti juu, kofia ya kazi ya mkono, akasimama wima mikono yote miwili juu ya bakora.

"Mzee, kaa tu kama ulivyokuwa umekaa jana."

"Jana sikuwa napigwa picha."

Nikampiga hivyohivyo alivyotaka, amesimama. Na maneno yake nikayaweka chini yake kama yalivyo, sikuongeza wala kupunguza.

Kuanzia hapo nikaacha kutunga. Nilikuwa nimejisumbua usiku natafuta vina, naandika "Samaki kapanda bei, paka kapanda meza" na mambo kama hayo, ambayo hayakuwa mabaya, Mama aliyacheka. Lakini neno lililo bora lilikuwa linatoka katika ile dakika ya kuomba ruhusa, mtu akiwa bado anaamua. Anajipima, anakuambia anachokiogopa, anakuambia anataka nani amwone na nani asimwone. Ukipiga kwa kuiba unapata sura tu, na hayo mengine yote yanakupita. Mdogo wangu akawa ananiuliza picha ikifika: "Alisema nini?" Hakuulizia mwanga wala rangi.

Wapo waliokataa, na aliyekataa hana wajibu wa kueleza. Siku ya kukataliwa nilipiga mahali alipokuwa amekaa mtu, akishaondoka: kigoda, kikombe, ganda la embe. Watoto niliwapiga mikono na miguu, mama zao wakiwapo. Langoni kwa bandari sikujaribu hata kutoa simu kwenye mkoba. Kuna mahali askari hawana haja ya kukusimulia maisha yao.

Kuhusu ufundi wa picha wenyewe nina machache, na mengi nilipewa. Kubwa kuliko yote ni kufuta kioo cha kamera. Sisi wapika chakula na wapaka mafuta ya nazi tunashika simu na mikono yetu, halafu tunalalamika kwamba taa zinatoa ndevu. Kona ya khanga ya pamba inatosha. La pili ni saa. Tanga iko nyuzi tano tu kusini ya ikweta, jua halikawii kupanda. Mwezi Julai linachomoza karibu saa kumi na mbili na nusu, Novemba hata saa kumi na mbili haijagonga liko juu, na kufika saa tatu mwanga mzuri umekwisha, kila kitu kimekuwa cheupe au cheusi. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, mchana linapita utosini kabisa. Mtu akisimama, kivuli chake anakikanyaga. Nilituma miguu yangu siku moja ya Machi, kivuli hakuna, na maneno "Leo sina mwenzangu."

La tatu nililipata kwa mzee wa studio. Tulipokuwa wadogo, kila Idd tulipelekwa kwake, tukasimamishwa mbele ya pazia lililochorwa ndege na ngazi, tukaambiwa tusipepese. Siku hizi anachapisha picha za simu na kutoa vivuli vya vyeti, lakini jicho lake bado. Nilimwonyesha picha ya muuza vitumbua, uso umetoka mweusi tii na barabara nyuma yake inamulika. Akaniambia simu imepima barabara, haikumpima mama wa watu. Mguse usoni kwenye kioo ndipo ubonyeze. Akaendelea kwamba hata enzi za filamu ilikuwa vita. Maabara zilipimia rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke wa Kizungu, kadi zilizoitwa Shirley, basi ngozi ya Shirley ikitoka vizuri kazi imekwisha. Sisi tulitoka meno na macho. Dawa yake yeye ilikuwa hii: "Usimpe jua usoni. Mpe ukuta." Maana yake mtu umkalishe kivulini, ageukie ukuta uliopakwa chokaa ambao jua linaupiga, mwanga ule wa ukutani ndio umfikie. Jaribu. Ngozi inapata rangi yake yote, hudhurungi na nyekundu na ile bluu ya kwenye shavu, na mtu hafinyi macho. Mbele ya kibaraza changu kuna ukuta wa namna hiyo, na tangu siku hiyo wateja wangu wote wanaokuja kupiga picha za kuposea nawageuzia huko.

Mdogo wangu, mwenye kuanzisha yote haya, ndiye aliyekuwa na kidogo cha kupiga. Ndani ya nyumba ile haikuruhusiwa kupiga picha, si watu, si sebule, si wageni, na mimi nawaelewa. Nyumba ni ya watu. Alibakiwa na dirisha la jiko, mikono yake, na paa anakoanika nguo. Juni huko joto linapita digrii 40. Alituma kamba ya nguo na anga jeupe nyuma yake: "Shuka ya kwanza imekauka sijaanika ya pili." Alituma vitunguu vingi. Kitunguu kizima, kitunguu kimekatwa, maganda ya kitunguu kwenye mwanga wa asubuhi. "Cha leo hakikuniliza." Sisi huku tuna barabara nzima, soko zima, mwalo mzima wa Deep Sea na samaki wake, na bado kuna siku tulisema hakuna cha kupiga. Nilikuwa nikiona vile vitunguu naona haya, natoka nje.

Katika nyumba ile alikuwamo Bibi, mama wa mwenye nyumba. Alizaliwa Unguja, mtaa wa Malindi, akaondoka bado msichana baada ya Mapinduzi ya 1964. Familia ikahangaika kwingine kwanza, kisha ikaingia Oman kama walivyoingia wengi, baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970 na kuwaita wenye asili ya huko warudi. Kiswahili chake hakijatoka Malindi hata hatua moja. Usiku mmoja alimkuta mdogo wangu anacheka peke yake jikoni, akataka kujua anacheka nini. Ilikuwa ni ile baiskeli ya Lushoto. Tangu hapo, ikifika saa tatu, Bibi anavuta kiti. "Hebu nione hao wa Tanga leo wana lipi."

Tukawa na mkaguzi. Vitumbua alivisema ni vyeupe mno, moto mdogo. Mzee wa kanzu alimkubali. Mimi nilisahihishwa upindo wa dera nililolitundika, kwa picha tu, kutoka ng'ambo ya bahari, na alikuwa na haki. Kisha akaanza kuagiza: asumini lililotungwa, fenesi likipasuliwa na mafuta mikononi, mvua ya masika ikipiga bati, ila hiyo tukampelekea kwa sauti kwa sababu picha ya mvua ya simu haionyeshi kitu.

Siku moja yeye mwenyewe akatoa picha kutoka kwenye sanduku, akaruhusu ipigwe. Msichana wa miaka kumi hivi, gauni la mikono ya puto, utepe mpana kichwani. Nyuma kuna muhuri wa Capital Art Studio, ile ya Mji Mkongwe aliyoifungua Ranchhod Oza mwaka 1930. Mpwa wetu alianza kuandika aya ndefu kuhusu historia. Bibi akasema hapana, sharti ni la khanga, akamtajia mdogo wangu maneno yake: "Utepe uliazimwa."

Habari za chalenji zilikuwa zimeshaenea mtaani, na ndipo jambo likageuka: watu wakaanza kuniomba mimi. Mama mmoja aliniletea gauni la kupunguza kiuno, akakaa, akasubiri wateja wengine waondoke. Binti yake naye yuko Oman, alisema, na amekaa kimya miezi. Namba haipatikani. Wakala aliyempeleka anasema yuko salama, kila akiulizwa anasema hivyohivyo. Hakuniomba nimtafute, anajua Oman si mtaa. Aliniomba nimpige picha, niipeleke kwa mdogo wangu, naye aipitishe kwa wasichana wa Tanga walioko huko, maana wana makundi yao. Nikamgeuzia ukutani. Akafunga mtandio, akaufungua, akaufunga tena. Nikamuuliza niandike nini, nikamweleza sharti la ufupi. Hakufikiri hata.

"Niko mzima. Na wewe?"

Picha ile ilizunguka. Mdogo wangu aliiona ikirudi kwake kutoka kwa mtu asiyemjua. Sisi tukaendelea na kuku wa watu na milango, na kila mama yule alipopita nilimwona anaangalia uso wangu kwanza kabla ya salamu. Jibu lilikuja kupitia simu ya msichana wa watu: picha ya mkono umeshika chapati, bangili ya shanga kifundoni, na maneno "Nipo Sur. Simu ilivunjika." Sura haikuwepo, ila bangili mama mtu aliijua. Alinifanya niipeleke studio ichapishwe kubwa, ya kuweka kwenye fremu, chapati na kila kitu.

Aliporudi kuichukua akaniambia, "Andika jina lake nyuma. Na siku. Mimi nikiwa sipo watajua ni mkono wa nani." Nikaandika kwa kalamu ya wino wa kudumu. Kisha nikatafakari picha za zamani za mji huu nilizowahi kuziona, za enzi ya Wajerumani na Waingereza: jengo limetajwa, mwaka umetajwa, watu waliosimama mbele yake wametajwa kuwa ni wenyeji. Nikanunua daftari la kaunta. Kila picha ina mstari wake: jina la mtu kama anavyolitaja mwenyewe, siku, alichosema. Aliyesema jina lake lisiandikwe, nimeandika mahali tu. Daftari hilo limenipa nidhamu kuliko simu, kwa sababu simu inajaa. Simu yangu ni ya kawaida, kila mwezi inagoma na inabidi nifute, na kwa kufuta ndipo ninapojua picha ipi ilikuwa picha. Machweo yote yamekwenda. Ndala zipo.

Mkataba wa mdogo wangu ulikuwa wa miaka miwili, ukaongezwa, ukaisha. Amerudi na sanduku la halua na manukato, na ndala nyingine za Mama, ambazo zimeingia kabatini kuwafuata wenzao. Nilidhani chalenji ingekufa yenyewe. Nani atume picha ya mbuzi ya nazi kwa mtu anayeikalia? Siku mbili tatu ilisuasua kweli. Tulikuwa tunapiga kitu kilekile kutoka pande mbili za chumba, na tukagombana kwa sababu picha yake ilimtoa Mama nusu uso na mimi nikasema hajamwomba.

Bibi ndiye aliyekataa. Mjukuu wake amemnunulia simu na kumwingiza kwenye kundi letu, na sasa baada ya isha yao, ambayo iko saa moja mbele ya saa zetu, ujumbe wa sauti unaingia. Salamu kwanza, ndefu, kila mtu kwa jina lake, kuku wakiwemo. Kisha malalamiko. Mama naye, ambaye hajawahi kuonana naye, hujibu kupitia simu yangu, na wawili hao sasa wanagombea haki ya kutoa mada. Wiki hii Mama ametoa "mzigo". Bibi anasema mzigo tumeshauona, yeye anataka nazi, tena si nazi ya dukani iliyofuliwa, anataka ikiangushwa, mkwezi akiwa juu.

Mdogo wangu amekwenda kuongea na mkwezi wa Sahare. Amekubali, Jumamosi asubuhi kabla jua halijawa kali, kwa sharti kwamba tununue nazi zote atakazoangusha. Mama ameshauliza mara mbili huo mnazi una nazi ngapi.